KILA JANI NA MOTO WAKE
Mapishi ya mboga na matunda kwa majira yetu ya Fizi



Mukipita nyuma ya madarasa mwezi wa kumi na moja, mutakanyaga maembe. Yanaanguka usiku, asubuhi nzi wamekwisha kuyafikia, na saa ya kazi za mikono tunayafagia na kuyatupa shimoni. Mwezi wa sita mupite tena pale pale. Hakuna embe, hakuna lengalenga kando ya njia, kuko vumbi tu na majani makavu. Na ule ndio mwezi wa mitihani. Wenzetu wengi wanakula bugali na chumvi, ao bugali na ndagala chache, na mukiwauliza wanasema: "Mboga zimekwisha."

Sisi ni wanafunzi sita, wasichana watatu na wavulana watatu. Mwaka uliopita tulianza kikundi kidogo cha mapishi. Siku ya posho tunawasha mbabula mbili, tunapika, tunakula, kisha tunaandika katika daftari kile kilichofaulu na kile kilichoharibika. Wengine wanatucheka, zaidi wale wavulana wetu watatu, kwamba wanajifunza kuwa mama. Tutawajibu mbele kidogo. Kwanza tuwaeleze juu ya nini tulianza.

JAMBO LILILOTUSHTUA

Kiangazi kimoja, katika nyumba ya mmoja wetu, mama alikuwa mgonjwa na unga ulikuwa umekwisha. Wakubwa wa nyumba wakang'oa muhogo mchungu, wakauloweka usiku mmoja tu, wakauanika haraka, wakautwanga. Jioni wakasonga bugali. Mboga haikuwako, wakala na chumvi. Usiku watoto wote wakaanza kutapika, kichwa kinazunguka, na yule mdogo akalegea kabisa. Wakambeba mgongoni mpaka hospitali. Mganga hakuuliza maswali mengi. Aliuliza moja tu: "Muliloweka siku ngapi?"

Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini swali lile lilitufuata mpaka shuleni. Sisi wenye kusoma biolojia na kemia hatukujua kujibu swali ambalo bibi zetu wasiojua kusoma wanalijibu bila kufikiri. Ndipo tukaanza kuuliza mama zetu, na walimu wetu: Jani hili linataka moto wa namna gani? Muhogo huu unataka maji siku ngapi? Tunda hili linakuja mwezi gani, na namna gani ya kulitunza?

Tukaona hivi: kila kitu cha shambani kina moto wake na mwezi wake. Ukikosea moto, utakula sumu, ao utakula majani ambayo nguvu yake imekwisha. Ukikosea mwezi, utatupa leo kile utakacholilia kesho. Mambo mengine yote tunayoandika hapa ni maelezo ya neno hilo.

MAJIRA YETU

Kwetu mvua inaanza kunyesha karibu na mwezi wa tisa ao wa kumi, inaendelea mpaka mwezi wa tano. Halafu ni kiangazi, mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Mvua za kwanza zinaleta lengalenga, nyingine inajiotea yenyewe bila kupandwa na mtu. Matembele yanafunika matuta, majani ya maboga na ya kunde yanafuata, na huko juu vilimani watu wanaokota uyoga. Maembe yanaiva tangu mwanzo wa masika mpaka karibu na Noeli. Papai na ndizi tuko nazo karibu mwaka mzima. Maavoka yanashuka sokoni kutoka sehemu za juu, upande wa Fizi.

Kiangazi mashamba ya mlimani yanakauka. Mboga zinabaki bondeni, pahali penye maji, kama kando ya mto Mutambala na kando ya ziwa. Huko watu wanamwagilia nyanya, biringanya, vitunguu na mashu. Jani moja tu halijali kiangazi: jani la muhogo. Ndiyo sababu mwezi wa saba nyumba nyingi zinakula sombe leo, sombe kesho, sombe kesho kutwa.

SOMBE: MOTO MREFU

Tuanze nayo, maana ndiyo mboga yetu kubwa. Muhogo haukuzaliwa hapa. Wareno waliuleta kutoka Amerika ya Kusini mpaka pwani ya Kongo katika karne ya 16, na polepole ukaingia barani mpaka kufika kwetu. Watu wengi duniani wanakula mzizi wake na kutupa majani. Wazee wetu walifanya vizuri kutoyatupa. Gramu 100 za mzizi mbichi zina protini karibu gramu 1 tu, lakini gramu 100 za majani mabichi zina karibu gramu 7.

Lakini jani na mzizi vina adui mmoja. Ndani ya muhogo kuko kitu kinachoitwa linamarini. Muhogo ukipondwa ao ukiumizwa, linamarini inakutana na kimeng'enya chake, na hapo inatoka sianidi, ambayo ni sumu kali. Kumbe kutwanga sombe si kwa kulainisha peke yake! Mchi unavunja jani ili sumu itoke mbele ya kuingia tumboni. Halafu moto unaifukuza pamoja na mvuke.

Basi, sombe ipikwe hivi:

Chumeni majani machanga ya juu. Osheni, kisha twangeni mpaka yawe laini kabisa, pasibaki jani zima. Chemsheni maji kwanza, ndipo mutie sombe. Sufuria ibaki wazi, musifunike, ili sumu iende na mvuke. Iache ichemke sana, saa moja ao zaidi. Ikiisha kuiva tieni kitunguu, biringanya, ndagala zilizooshwa, na mwisho mawese. Chumvi kidogo.

Wengine wanatia magadi ili iive upesi. Sisi tulijaribu. Ni kweli inaiva upesi na rangi inabaki nzuri, lakini magadi yanaua vitamini zilizobaki. Tukaacha.

Sombe ikichemka saa nzima, vitamini C karibu yote inakwenda. Hatuwezi kufupisha moto wake, kwa sababu ya ile sumu. Kwa hiyo siku ya sombe tutafute vitamini C pahali pengine: kipande cha papai, ndimu, ao pera baada ya chakula. Tutarudia jambo hili chini.

MUHOGO WENYEWE: MAJI MBELE YA MOTO

Muhogo mtamu unaweza kumenywa na kuchemshwa siku ile ile. Muhogo mchungu, hapana. Unataka maji siku tatu ao nne, mpaka ukibonyeza kwa kidole uingie. Maji yakiwa baridi, unataka siku zaidi. Hatuhesabu siku peke yake, tunabonyeza. Kisha unamenywa, unaanikwa juani mpaka ukauke kabisa, ndipo unatwangwa.

Juu ya nini tunasisitiza? Kuko ugonjwa unaoitwa konzo. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango, magharibi ya nchi yetu. Jina ni la lugha ya Wayaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, ao anakwenda shambani mzima, na kwa ghafula miguu inakakamaa. Haiponi tena. Wanaoshikwa zaidi ni watoto na mama wenye umri wa kuzaa. Ugonjwa unakuja miaka ya ukame na ya vita, watu wakiwa na haraka ya kula, wanapunguza siku za kuloweka, na tena hawana samaki wala maharagi. Ulipiga Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, na Tarime, Tanzania, mwaka 1985. Mwaka 2011 madaktari waliandika kwamba umeonekana hata katika Kivu ya Kusini. Basi habari hii si ya mbali.

Samaki na maharagi yanafanya kazi gani hapo? Mwili unaweza kuvunja sumu ile kidogo kidogo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji vitu vinavyotoka katika protini. Anayekula bugali na chumvi anauacha mwili wake bila silaha. Hata ndagala kumi ni silaha.

Kuko njia moja nyingine ya kusaidia, tumeijaribu na ni rahisi. Mukiwa na unga ambao hamuamini, utieni maji kidogo mpaka uwe mbichi kama udongo wa mvua, utandazeni juu ya mkeka safi, unene usipite upana wa kidole, uache saa mbili juani ao saa tano kivulini. Sumu inatoka hewani. Halafu songeni bugali siku ile ile, maana unga ule hautunziki. Katika miaka ya 2010 na 2011 mama wa kijiji cha Kay Kalenda, upande wa Popokabaka huko Kwango, walifundishwa njia hii, na konzo mpya haikuonekana tena kijijini wakati ule. Lakini njia hii inamaliza kazi ya kuloweka, haichukui pahali pake.

LENGALENGA NA MATEMBELE: MOTO MFUPI

Hapa ndipo tunakosea wengi. Kwa kuwa tumezoea moto wa sombe, tunapika kila jani kama sombe. Tunakata lengalenga, tunaiosha baada ya kuikata, tunaichemsha nusu saa, tunamwaga maji ya kijani, kisha tunakula kile kilichobaki. Kile tulichomwaga ndicho tulichokuwa tunatafuta! Vitamini C inayeyuka ndani ya maji na inakufa kwa moto mrefu.

Sheria zetu ni tano: kuosha mbele ya kukata, kukata mbele kidogo tu ya kupika, maji kidogo, dakika tano mpaka saba, sufuria imefunikwa.

Lengalenga ya karanga, kwa watu wanne ao watano. Mafungu matatu ya lengalenga changa, kitunguu kimoja, nyanya tatu, kopo moja la karanga zilizokaangwa na kutwangwa, vijiko viwili vya mawese, ndimu moja. Kaangeni kitunguu katika mawese bila kuunguza. Tieni nyanya mpaka ziyeyuke. Korogeni karanga ndani ya kopo moja la maji, mimineni, mukoroge kwa moto mdogo dakika kumi; mukiacha kukoroga itashika chini, sisi tumeunguza mara mbili. Sasa tieni lengalenga, funikeni, hesabuni dakika sita. Epueni. Ndimu mukamue mwisho, sufuria ikiisha kutoka motoni.

Maharagi na matembele. Maharagi yalowekwe tangu jioni, asubuhi mwageni maji yale, mutie mengine, muchemshe mpaka yaive sawasawa. Maharagi nusu-mabichi yanaumiza tumbo. Yakiisha kuiva tieni kitunguu, nyanya na mawese, na dakika saba za mwisho tieni matembele yaliyokatwa. Ndimu juu yake.

Ndimu inakuja tena na tena, na mwenzetu mmoja aliuliza kama tunauza ndimu. Hapana! Sababu ni chuma. Majani na maharagi yana chuma, ambayo damu inaitaka, lakini chuma ya majani inaingia mwilini kwa shida. Vitamini C inaifungulia mlango. Chai inaufunga. Kwa hiyo anayekula maharagi na kunywa chai papo hapo anajinyima mwenyewe. Afadhali angoje saa moja. Wasichana wenzetu, ninyi ambao kila mwezi munapoteza damu, jambo hili munahitaji kulijua kutushinda sisi wavulana. Kizunguzungu cha darasani na kuchoka bila kazi vinaweza kuwa upungufu wa damu. Chakula kinasaidia, lakini kwa dalili hizo muende pia kwa mganga, musikae kimya.

MAWESE: MUSIYAUE

Mchikichi ni mti wetu wa Afrika, haukuletwa na mtu. Rangi ile nyekundu ya mawese ni karotini, na mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Vitamini A ni ya macho. Mtoto anayeikosa anaanza kutoona vizuri magharibi, anagongagonga vitu, na akizidi kuikosa anaweza kupofuka kabisa. Pia mwili wake unashindwa kupigana na surua na kuhara.

Wengi wetu tunaweka mawese motoni mpaka yatoe moshi na kugeuka meupe, juu hatupendi harufu yake. Tukiona rangi imekwenda, tujue na karotini imekwenda pamoja nayo. Yabakini mekundu! Moto wa kuyeyusha kitunguu unatosha.

Tena karotini inataka mafuta ili iingie mwilini. Majani ya kijani bila mafuta kabisa yanatoa faida ndogo. Vijiko viwili vya mawese kwa sufuria ya watu wanne, ao karanga, ao avoka pembeni, vinatosha.

MATUNDA: BILA MOTO

Tunda lina faida moja juu ya mboga: halitaki makala. Mwaka 1747 daktari mmoja wa meli ya Kiingereza, James Lind, alichukua mabaharia 12 wagonjwa wa kiseyeye. Ufizi wao ulikuwa unaoza na nguvu zimekwisha. Akawagawa wawiliwawili, kila wawili dawa yao. Wale wawili waliopewa machungwa na mandimu walipata nafuu kwa siku chache tu. Kile walichokosa mabaharia wale baharini, sisi tunakifagia na kukitupa shimoni.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku. Kwa hesabu ya kwetu ni kama embe moja kubwa na sahani moja ya lengalenga. Si mambo ya watajiri. Pera, ambalo tunawaachia watoto wadogo na ndege, lina vitamini C kama mara nne ya chungwa.

Sahani ya masika. Embe, papai na ndizi zikatwe vipande, ndimu ikamuliwe juu. Sukari haihitajiki. Ndimu inazuia ndizi isigeuke nyeusi.

Kachumbari ya embe bichi. Embe bichi moja ikwanguliwe, kitunguu kikatwe chembamba, pilipili kidogo, chumvi kidogo. Ngojeni dakika kumi. Ni nzuri pamoja na samaki wa kuchoma.

Avoka na ndagala. Avoka lililoiva lipondwe kwa uma, nyanya na kitunguu vikatwe, ndimu, chumvi, na ndagala zilizokaangwa juu yake. Kwa bugali ya mchana inatosha kuwa mboga.

Lakini sikieni onyo hili: chakula kisichopita motoni hakina mlinzi. Kipindupindu kinajulikana sana hapa Baraka na katika vijiji vya kando ya ziwa. Matunda na nyanya za kula mbichi zioshwe kwa maji yaliyochemshwa ao yaliyotiwa dawa, kamwe si kwa maji ya ziwa yalivyo. Mikono na kisu pia. Kisha liwe saa ile ile, lisilale.

KUTUNZA MASIKA KWA AJILI YA KIANGAZI

Sasa turudi kwa yale maembe ya shimoni. Mwaka jana tuliamua kuyakausha. Mara ya kwanza tulikata vipande vinene, tukaviweka juu ya mkeka uwanjani. Mvua ikaja saa nane tukiwa darasani. Siku ya tatu kulikuwa ukungu wa kijani, tukatupa vyote na watu wakacheka.

Mara ya pili tulikata vipande vyembamba, tukavipanga juu ya kichanja tulichokitundika chini ya bati, karibu na joto la jiko lakini mbali na moshi, na juu yake kipande cha chandarua safi kwa ajili ya nzi. Siku nne vikakauka kama ngozi. Tukavitia katika kopo lenye kifuniko. Mwezi wa sita tulivigawa katika darasa letu wakati wa mitihani, kila mtu vipande vitatu, na hapo hakuna aliyecheka. Vitamini C nyingi inapotea kwa kukausha, tuseme ukweli, lakini karotini nyingine inabaki, na utamu unabaki.

Majani nayo yanakaushwa. Mwisho wa mwezi wa tano, mbele kiangazi hakijakamata, chumeni lengalenga ao majani ya kunde, yaingizeni katika maji yanayochemka dakika mbili, yaondoeni, yatandazeni kivulini pahali penye upepo. Musiyaanike juani, jua linaua karotini. Yakivunjika mkononi yamekauka. Yatunzeni katika kopo pahali pa giza. Kuyapika ni kuyaloweka kidogo na kuyatia katika karanga.

Njia ya tatu ni kupanda. Lengalenga iko tayari kwa majuma matatu ao manne tu. Kwa hiyo musipande mbegu zote siku moja. Pandeni kidogo kila juma la pili, ili mukimaliza tuta moja lingine liwe tayari. Kiangazi gunia moja la udongo na samadi, lenye matundu pembeni, linaweza kusimama karibu na mlango na kumwagiliwa kwa maji mliyosuuzia mboga, yasiyo na sabuni.

Wazazi wetu wanajua jambo hili kwa machungu. Mwaka 1996 na miaka iliyofuata wengi walivuka ziwa wakikimbia vita, wakakaa Tanzania katika kambi kama Nyarugusu na Lugufu. Posho ilikuwa unga wa mahindi, maharagi, mafuta na chumvi. Ilizuia njaa, lakini haikuwa na jani. Mama ya mmoja wetu alivuka na mbegu za lengalenga zimefungwa katika pindo la kitenge, pamoja na mtoto mgongoni. Alizipanda nyuma ya nyumba ya udongo. Anasema majirani waliomba mbegu mbele hawajaomba majina. Mtu anayekimbia anachagua kitu anachobeba, na yule mama alichagua mbegu.

JIBU KWA WANAOTUCHEKA

Wavulana wengi wa shule yetu wanatoka vijiji vya Ubwari. Wanavuka na mtumbwi siku ya Mungu jioni, na gunia la unga, wanapanga chumba hapa Baraka watatu ao wanne. Nani anawapikia? Hakuna. Bugali wanajua kusonga. Mboga hawajui, basi wanakula bugali na chumvi mpaka siku ya posho, halafu wanarudi nyumbani kula vizuri siku moja. Tunawauliza: mitihani inafanywa siku gani, siku ya posho?

Kwa wenzetu hao tumeandaa juma moja, kwa mbabula moja na sufuria mbili. Siku ya kwanza: lengalenga ya karanga. Siku ya pili: maharagi, mupike mengi. Siku ya tatu: maharagi yaliyobaki, yachemshwe upya sawasawa, na matembele ndani yake. Siku ya nne: ndagala na nyanya, na avoka kama liko sokoni. Siku ya tano: sombe, mmoja anatwanga na mwingine anafanya hesabu za jometria kando ya moto, maana saa moja ni ndefu. Kila siku tunda moja, hata papai moja mugawane wanne. Makala haziongezeki sana, kwa kuwa mboga nyingi hizi zinataka dakika saba tu.

Kuna mmoja wao alikuja kwetu akisema: "Mimi nitaoa, mke wangu atapika." Tulimkumbusha yule mtoto aliyebebwa hospitalini. Siku ile mama alikuwa mgonjwa, na ndani ya nyumba walikuwamo vijana wawili wenye nguvu, wamesoma, na hakuna aliyejua siku za kuloweka.

TUNAMALIZA

Hatukuandika haya kwa kuwafundisha mama zetu, wao ndio walitufundisha. Tumeandika ili wasiondoke na maarifa yao bila sisi kuyashika. Mukirudi nyumbani likizo hii, ulizeni maswali matatu: muhogo wa shamba letu ni mtamu ao mchungu? Munauloweka siku ngapi? Na jani gani munalipika dakika chache? Mulete majibu kwetu yameandikwa. Tutayapanga kijiji kwa kijiji na kuyachapa katika namba ijayo.

Na mwezi wa kumi na moja, maembe yakianza kuanguka, tunaomba mtu asiyafagie mbele hatujafika na vikapu. Kichanja chetu cha mwaka huu ni kirefu mara mbili, na kopo tupu munaweza kutuletea tangu sasa.

Ndimi wenu, kikundi cha mapishi na bustani.